Nyumba ya Kibarua, Beseni la Maji Moto

Kwa miaka mitatu nimelipwa shilingi moja kwa neno kusifia nyumba ambazo sijawahi kuzikanyaga. Nyingi ziko mashambani Uingereza na karibu zote zinafanana: kuta za mawe ya rangi ya asali, boriti nyeusi darini, jiko la kuni, na nyuma, juu ya sakafu ya mbao, beseni kubwa la maji moto linalotoa povu. Wenyewe huita nyumba ya aina hiyo koteji. Lile beseni sisi hapa Nairobi tunaliita jakuzi hata likiwa limetengenezwa na kampuni nyingine kabisa, vile kila sabuni ya unga kwetu ilikuwa Omo. Niliacha chuo mwaka wa pili karo ilipokosekana, na kazi hii ya mtandaoni ndiyo imekuwa ikinilipia keja.

Maagizo huwa mafupi. Maneno 150. Taja beseni kwenye sentensi ya kwanza. Taja mji wa soko ulio karibu. Halafu mwishoni kuna maneno ambayo nimeyaona hadi nayaota: weka historia kidogo, isiyomchosha mgeni.

Mji unaojitokeza mara nyingi kwenye kazi zangu ni Stamford. Enyewe nimeusoma mji huo kuliko nilivyosoma kitu chochote darasani, maana ukilipwa kwa neno unatafuta maneno popote yalipo. Na kadiri nilivyosoma ndivyo nilivyogundua kwamba historia yote ya eneo lile inamzunguka mtu mmoja ambaye hatajwi kwenye tangazo lolote. Mfalme anatajwa, lodi anatajwa, hata farasi wanatajwa. Asiyetajwa ni yule aliyekuwa akiishi ndani ya koteji.

Tuanze na mji wenyewe, kwa sababu hata uzuri wake una maelezo.

Stamford uko kusini kabisa mwa Lincolnshire, mahali ambapo barabara kuu ya zamani kutoka London kwenda kaskazini ilivuka mto Welland. Wadenmark walipotawala upande ule wa Uingereza, zaidi ya miaka elfu moja iliyopita, Stamford ulikuwa mmoja wa miji yao mitano mikuu. Baadaye ukatajirika kwa sufu ya kondoo. Karne ya 15 mfanyabiashara mmoja wa sufu, William Browne, alijenga nyumba ya kutunza wazee maskini, na jengo hilo lingali limesimama. Ijumaa ni siku ya soko mpaka leo.

Kuwa mji wa soko halikuwa jambo la watu kujipangia tu, vile mama mboga anavyotandika gunia kando ya steji. Ulihitaji idhini ya mfalme. Wanasheria wa karne ya 13 walishikilia kwamba soko jipya lisiwe ndani ya maili sita na theluthi mbili za soko lililopo, yaani kama kilomita 11. Hesabu yao ilitoka miguuni: theluthi ya siku kutembea kwenda, theluthi kuuza na kununua, theluthi kurudi nyumbani kabla ya giza. Ukiangalia ramani ya Uingereza na kushangaa mbona miji midogo imepangwa kama mbegu zilizopandwa kwa kamba, jibu ni hilo. Mji wa soko ulijengwa kwa kipimo cha mtu anayetembea na mzigo.

Leo Stamford una majengo zaidi ya 600 yaliyowekwa kwenye orodha ya kulindwa. Mwaka 1967 ulikuwa mji wa kwanza Uingereza kutangazwa kuwa eneo la hifadhi ya majengo. Ukiwa umeitazama ile filamu ya Pride & Prejudice ya mwaka 2005, umeshauona bila kujua. Watalii wanadhani mji ulibaki hivyo kwa sababu watu waliupenda sana. Kumbe ulikwama. Enzi za magari ya farasi ulijaa hoteli na wasafiri, halafu reli kuu ya kwenda kaskazini ilipojengwa katikati ya karne ya 19 ikapita Peterborough. Peterborough ukavimba, Stamford ukalala. Tena mashamba ya wazi yaliyouzunguka mji hayakugawanywa hadi miaka ya 1870, kwa hiyo mji haukuwa na mahali pa kupanukia. Wanahistoria kadhaa, W. G. Hoskins akiwa mmoja wao, wameinyooshea kidole familia ya Cecil, wenye jumba la Burghley kando tu ya mji. Hao ndio waliokuwa wakiamua nani awe mbunge wa Stamford, na mji mdogo wenye wapiga kura wachache ni rahisi kuushika mkononi. Watu maskini walibanana humo ndani, na leo ule mbanano unaitwa vichochoro vya kupendeza. Nimewahi kuuandika hivyo mimi mwenyewe.

Sasa tutoke mjini twende kwenye koteji.

Katika ile sensa ya mali ambayo William Mshindi aliamuru ifanywe mwaka 1086, kuna tabaka la watu walioandikwa kwa jina linalotokana na kibanda walichoishi. Hawakuwa na shamba la maana. Walikuwa na kibanda, labda bustani na kipande kidogo cha kulima, na walifanya kazi kwenye ardhi ya mwingine. Koteji maana yake ilikuwa hiyo: makao ya mtu asiye na ardhi ya kumtosha. Neno lilikuwa la aibu kidogo, karibu na vile sisi tunavyosema kibanda.

Mwaka 1589, Elizabeth wa Kwanza akiwa malkia, Bunge lilipitisha sheria kwamba mtu asijenge koteji bila kuiwekea ekari nne za ardhi, na koteji moja isikae zaidi ya familia moja. Ukiisoma haraka unaona ni huruma: kila maskini apate ekari nne! Lakini mwenye kujenga ndiye aliyebanwa, na asiye na ekari nne akawa amezuiwa kisheria kujitengenezea paa. Wakuu waliogopa maskini wasijazane vijijini wakawa mzigo kwa wengine. Mweka hazina mkuu wa malkia wakati huo alikuwa William Cecil, Lodi Burghley. Miaka miwili tu kabla ya hapo, 1587, alikuwa amemaliza kujenga jumba lake nje ya Stamford, kazi iliyochukua zaidi ya miaka 30. Sheria ile ilivunjwa mara nyingi, ikafutwa mwaka 1775. Wazo lake lilibaki: kwamba kibanda cha maskini ni jambo la kuombewa ruhusa.

Kama kilomita kumi mashariki mwa Stamford kuna kijiji kinaitwa Helpston. Hapo, Julai 1793, alizaliwa John Clare. Baba yake alikuwa kibarua wa kupura nafaka. Mama yake hakujua kusoma. Familia ilipanga kwenye koteji yenye paa la nyasi, na baadaye nyumba ikagawanywa ili wapangaji wengine waingie, wao wakabaki na kipande. Clare mwenyewe aliandika kuhusu mtufaa uliokuwa bustanini. Ulikuwa mzee, lakini mwaka ukiwa mzuri, tufaa zake ziliwasaidia kulipa kodi ya nyumba. Nimeupenda mti huo kuliko mashairi yake mengi. Kila mtu aliyekulia kwa ploti anajua hesabu ya aina hiyo, ile ya kuangalia kitu kimoja nyumbani na kujiuliza kitatoa ngapi kabla ya tarehe tano.

Akiwa kijana wa miaka kama 13, Clare alitembea hadi Stamford kununua kitabu cha mashairi. Akirudi, hakuweza kungoja kufika nyumbani. Aliruka ukuta wa bustani ya Burghley, akakaa humo ndani akasoma, na kwa maelezo yake mwenyewe hapo ndipo alipoanza kutunga. Muda si mrefu akaajiriwa kwenye bustani hiyohiyo, akijifunza kazi ya kupalilia mboga za wenye jumba.

Halafu ikaja sheria ya 1809.

Kabla ya hapo, Helpston na vijiji jirani vililima kwa mtindo wa zamani: mashamba makubwa ya wazi yaliyogawanywa kwa vipande virefu, na pembeni malisho ya pamoja. Mtu wa koteji hakumiliki malisho hayo, lakini alikuwa na njia ya kuyatumia. Ng'ombe mmoja. Bata bukini wachache. Kuni. Njia ya mkato kwenda kazini. Sheria ikaamuru ardhi ipimwe, igawiwe wenye hati na kuzungushiwa ua. Waliopata kidogo walipata kidogo, na aliyekuwa na mazoea tu bila karatasi hakupata kitu. Kazi yote ya kupima na kugawa ilikamilika mwaka 1820. Helpston haikuwa ya pekee. Kati ya 1604 na 1914 Bunge lilipitisha sheria zaidi ya 5,200 za namna hiyo, zikagusa zaidi ya sehemu moja ya tano ya Uingereza yote.

Na nani alichimba mashimo na kupanda miti ya miiba ya zile nyua? Vibarua walewale. Clare alikuwa mmoja wao. Alilipwa kuzungushia ua ardhi aliyokuwa akirandaranda utotoni, kisha jioni akarudi kwenye kipande chake cha koteji na kuandika mashairi ya kuililia. Mimi nikifika hapo huwa nanyamaza kidogo.

Muuza vitabu mmoja wa Stamford, Edward Drury, aliyaona mashairi na kumpelekea binamu yake John Taylor, mchapishaji wa London. Kitabu kilitoka Januari 1820 na ndani ya mwaka mmoja kikachapishwa mara nne. Kibarua mshairi! London ilimpenda kama mtu anavyopenda kitu alichookota. Markisi wa Exeter, ule uzao wa Cecil, alimwita Burghley akamwahidi pauni 15 hivi kila mwaka maisha yake yote, na chakula Clare akala na watumishi. Lakini kwenye mashairi mlikuwa na mistari iliyowasema matajiri kwa kufungia watu ardhi. Mfadhili mmoja, Lodi Radstock, aliiona kuwa ni utovu wa shukrani na kudai iondolewe. Matoleo yaliyofuata yakatoka bila hiyo mistari.

Kuna mteja, simtaji, aliyewahi kunirudishia kazi yangu. Kwenye maneno 150 nilikuwa nimetumia 22 kusema kwamba nyumba ile ilijengwa kwa ajili ya vibarua wa shamba na kwamba familia nzima ililala chumba kimoja. Alizikata sentensi hizo akaandika pembeni kwamba zinaharibu hali ya likizo. Sikubishana, shilingi 22 si za kukosania. Lakini nilijua Radstock angeelewana naye.

Mwaka 1832 wafadhili walimtafutia Clare koteji bora zaidi huko Northborough, kilomita tano tu kutoka Helpston, yenye bustani na kipande cha kulima. Ilikuwa nyumba nzuri, lakini haikuwa nyumbani. Alizidi kuugua akili, na mwaka 1837 akapelekwa kwenye hospitali ya wagonjwa wa akili huko Essex. Julai 1841 alitoroka akatembea kurudi, kama kilomita 130 kwa siku nne, bila pesa, akila nyasi za kando ya barabara. Alikaa miezi michache, Desemba akachukuliwa tena, safari hii Northampton, na hakutoka huko hadi kifo chake mwaka 1864. Koteji ya Helpston sasa ni makumbusho. Paa la nyasi ni safi kabisa.

Nimekaa na Clare kwa muda mrefu kwa sababu ni mmoja kati ya maelfu aliyeacha maandishi. Wengine tunawajua kwa sheria tu. Na sheria iliyowabana kuliko zote haikuhitaji Bunge: nyumba ilikuwa ya mwajiri. Ukifukuzwa kazi umefukuzwa nyumbani, wewe, mke, watoto na meza. Mwaka 1872 Joseph Arch, mkata nyua wa Warwickshire, aliongoza chama cha kitaifa cha vibarua wa mashambani, na moja ya silaha kali za wenye mashamba ilikuwa hiyo hiyo: toka kwa koteji yangu. Ilichukua zaidi ya miaka mia moja, hadi sheria ya 1976, kwa kibarua wa shamba Uingereza kupata ulinzi wa maana dhidi ya kutolewa nje kwa sababu kazi imeisha.

Mtindo huo ulipanda meli. Shosho yangu alikulia kwenye laini za shamba la kahawa Kiambu, na hadi leo hasemi "nyumbani kwetu" akizungumzia zile kota, husema "pale kwa kazi". Serikali ileile ya Uingereza, kupitia sheria ya 1918, ilitaka Mwafrika anayeishi kwenye shamba la mzungu amfanyie kazi siku zisizopungua 180 kwa mwaka. Ndivyo jina la skwota lilivyozaliwa kwetu: mtu anayeitwa mvamizi kwenye ardhi ambayo pengine babu yake aliifyeka msitu. Nilipoanza kusoma habari za koteji nilitarajia kukuta maisha ya wazungu wenye raha. Nikakuta maneno ya shosho.

Turudi kando ya Stamford, upande wa magharibi sasa, kwa sababu matangazo mengi ya koteji zenye beseni hutaja pia ziwa linaloitwa Rutland Water. Si ziwa la asili. Ni bwawa lililojengwa miaka ya 1970, kwa ukuta karibu na kijiji cha Empingham, ili kupeleka maji kwenye miji iliyokuwa ikikua kwa kasi kama Peterborough. Lina hekta zaidi ya 1,200. Kijiji cha Nether Hambleton kilibomolewa maji yakaingia. Picha utakayoiona kila mahali ni ya kanisa la Normanton, limesimama ukingoni kana kwamba linaelea. Sehemu yake ya chini ilijazwa mawe na saruji, sakafu ikainuliwa hadi karibu na madirisha, ndiyo maana linaonekana fupi hivyo.

Watu hupiga picha wakiwaza kijiji kilichozama. Lakini maji yalipofika, Normanton hapakuwa na kijiji cha kuzamisha. Kilikuwa kimeondolewa karne ya 18. Familia ya Heathcote, watu wa benki kutoka London, walinunua mali ile na kutaka bustani pana ya kutazama kutoka dirishani. Wanakijiji wakahamishiwa Empingham. Jumba la Heathcote lenyewe likabomolewa mwaka 1925. Kanisa likabaki peke yake, na miaka 50 baadaye bwawa likaja kulikuta.

Mawe ya koteji za huko yana utaalamu wake, na hapa naomba nitoke kidogo njiani. Mapaa mengi karibu na Stamford yameezekwa vigae vya mawe kutoka Collyweston, kijiji kilicho karibu. Walichimba mawe makubwa ya chokaa, wakayalaza nje wakati wa baridi na kuyamwagia maji. Usiku maji yaliyoingia kwenye mishipa ya jiwe yaliganda, yakatanuka, na jiwe likapasuka lenyewe kuwa bapa nyembamba. Majira ya baridi yakiwa ya upole, hakuna vigae. Fikiria kazi ambayo mkubwa wako ni barafu.

Na zile boriti? Nyingi ni za kweli. Ila kuna jambo lingine: sehemu kubwa ya nyumba zinazoitwa koteji leo hazikuwahi kukaliwa na mtu. Ni maghala ya nafaka, mazizi ya ng'ombe, vibanda vya farasi. Trekta zilipochukua nafasi ya farasi na vibarua, hasa baada ya Vita vya Pili vya Dunia, mazizi na koteji vyote vilibaki vitupu. Watu wa mjini wakavinunua, kwanza kwa bei ya kutupa. Kibarua aliyehamia nyumba ya baraza la mji yenye choo ndani hakulia. Ni vizuri kusema hilo, maana sisi tulio mbali ni wepesi kumlilia mtu aliyefurahi kutoka kwenye unyevu.

Maji ndiyo yaliyokuwa shida yenyewe. Koteji haikuwa na bomba. Wanawake na watoto walichota kisimani ama kwa pampu ya kijiji. Jumamosi jioni beseni la bati liliwekwa mbele ya moto, baba akaoga kwanza, watoto wakafuata kwenye maji hayohayo. Mwaka 1944 Bunge lilibidi kupitisha sheria maalum ya kusaidia kupeleka maji na mifereji ya taka vijijini. Sensa ya 1951 ilikuta zaidi ya theluthi moja ya kaya za Uingereza hazina bafu la kudumu. Hiyo ni mwaka mmoja kabla ya hali ya hatari kutangazwa hapa Kenya, kwa jina la ustaarabu.

Beseni lenye povu nalo lilitoka mbali. Ndugu wa familia ya Jacuzzi, wahamiaji kutoka kaskazini mwa Italia, walianza California wakitengeneza mapanga ya kuendesha ndege. Mwaka 1921 ndege waliyoiunda ilianguka na ndugu yao Giocondo akafa. Familia ikaachana na ndege ikageukia pampu, zikiwemo za kuvuta maji ya visima vya wakulima. Mtoto wa Candido, mdogo wa wale ndugu, alikuwa na baridi yabisi kali tangu utotoni, na ili aweze kukandwa na maji nyumbani walimuundia pampu ya kuweka ndani ya bafu. Ilianza kuuzwa miaka ya 1950 kama kifaa cha tiba. Mwaka 1968 Roy, wa kizazi cha baadaye, akaiingiza ndani ya beseni lenyewe na kuliuza kama starehe. Wakati huohuo vijana wa California walikuwa wakiloweka miili kwenye mapipa ya mbao ya divai. Vitu hivyo viwili vikakutana, na kizazi kimoja baadaye vikafika nyuma ya zizi la Rutland.

Kilichovisukuma zaidi ni mwaka 2020. Ndege zilisimama, mipaka ikafungwa, na tarehe 4 Julai nyumba za likizo za Uingereza ziliporuhusiwa kufunguliwa, watu waliozoea Uhispania wakakimbilia mashambani kwao. Mvua inanyesha, watoto wamechoka, nyumba ndogo. Beseni la nje ndilo lililobaki kuifanya ionekane safari. Mwenye koteji asiye nalo alijikuta akishindana na jirani aliye nalo, na matangazo yote yakahitaji kuandikwa upya. Ndiyo, ajira yangu ilianzia kwenye wimbi hilo.

Wimbi lina upande wake mwingine. Kwa miongo kadhaa, tangu miaka ya 1980, mwenye nyumba Uingereza aliyeikodisha kwa watalii alipata nafuu za kodi ambazo aliyeikodisha kwa mkazi wa kawaida hakuzipata. Nafuu hizo zilifutwa Aprili 2025, na mwezi huohuo mabaraza ya Uingereza yakaruhusiwa kuwatoza wenye nyumba ya pili hadi mara mbili ya kodi ya baraza. Wenye koteji wamelalamika sana. Vijana wa vijijini waliotafuta nyumba ya kupanga mwaka mzima wakakuta zote ni za wikendi walikuwa wamelalamika kabla yao. Kutoka kwa Cecil hadi leo swali halijabadilika: nani anaruhusiwa kukaa hapa, na kwa muda gani? Zamani kibarua alikaa mradi ana nguvu za kufanya kazi. Siku hizi mtu hukaa usiku tatu, kutoka Ijumaa hadi Jumatatu.

Katikati ya Jumatatu kuna kibarua. Mgeni anatoka saa nne asubuhi, mwingine anaingia saa kumi. Ndani ya hayo masaa sita mtu anabadilisha mashuka, anafuta majivu jikoni, kisha anaenda nyuma. Maji ya digrii karibu 40 ni makao mazuri ya bakteria, kwa hiyo mwongozo wa usalama wa mwaka 2017 unataka beseni la kukodisha la aina ya nyumbani litolewe maji yote kati ya kundi moja la wageni na lingine, lisuguliwe, litiwe dawa na kujazwa upya. Beseni la watu sita hubeba lita 1,200 na zaidi. Nimepiga hesabu kwa kipimo cha ploti yetu, ambako maji huja Jumanne na Ijumaa: mitungi 60 ya lita 20, inamwagwa, mingine 60 inaingia. Maji mapya yanatoka kwenye bomba yakiwa baridi na hupata moto polepole, saa baada ya saa. Kwa sababu hiyo, chini kabisa ya matangazo mengi, kwa herufi ndogo, kuna sentensi ambayo wateja hawajawahi kuikata: kwamba mgeni asitarajie beseni kuwa tayari kabla ya jioni.